Uzi wa Shahamu

Methali isemayo kwamba mficha maradhi kifo humuumbua hupendwa sana na watu wenye afya njema. Mgonjwa mwenyewe haipendi hata kidogo. Maana yake haina kona: mtu anayeficha linalomla, iwe ni ugonjwa, kosa au aibu, mwisho hufichuliwa na msiba, na siku hiyo hapati dawa wala udhuru. Wapo wanaodhani kwamba maneno haya yanahusu homa na vidonda tu. Hao na wasikilize yaliyomfika fundi mmoja wa makochi, mtu aliyekuwa na mikono ya dhahabu na kichwa kigumu kama jiwe la kunolea visu.

Fundi huyo alifanyia kazi zake katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Mle ndani hamkuwa na pa kuweka mguu. Makochi yaliyovuliwa vitambaa yalisimama springi nje, magunia ya sponji yalirundikwa hadi kwenye dari, na vumbi la nyuzi liliwakaa watu puani hata waliopita barabarani. Mkewe alikuwa ametangulia mbele ya haki miaka mingi nyuma, na hawakujaliwa mtoto. Aliishi na mama yake mzazi, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika kabisa, pamoja na mbwa aliyeitwa Doria.

Doria hakuwa mbwa wa kubweka langoni tu. Kila asubuhi mama alishika mkanda uliokuwa shingoni mwa mbwa huyo, wakatoka pamoja: kwenda msalani, kwenda dukani, kwenda kuota jua penye ukuta wa jirani. Palipokuwa na shimo, Doria alisimama. Palipopita baiskeli, alijiegemeza kwenye goti la bibi huyo mpaka njia ikawa salama. "Wenzangu mna macho ya kulala na kuamka," mama alipenda kuwatania watu. "Mimi yangu yana mkia, tena yanakula makombo!" Bila Doria, mama huyo angekuwa mtu wa kitandani na ukutani, na kila mtu mtaani alilijua hilo.

Sasa, Fundi alikuwa na sheria moja ambayo aliishika kuliko sala. Sindano ikitoka mkononi, irudi mkebeni papo hapo. Sheria hiyo ilimgharimu ndugu. Mdogo wake alikuwa akifanya naye kazi, kijana mpole mwenye mkono mwepesi, na siku moja alisahau sindano ndani ya kiti cha mteja. Mteja akaikalia. Badala ya kumkanya faraghani kama ndugu wanavyokanyana, Fundi alimsimamisha mbele ya wateja na wapita njia, akamtoa nishai. "Anayesahau sindano atamsahau hata mama yake," alimwambia. "Ondoka kwangu!" Mdogo mtu akaondoka bila kujibu, akaenda kushona viatu penye stendi ya mabasi. Mama alilia. Fundi hakuomba radhi, wala hakumwita, na tangu siku hiyo alikuwa akijigamba kwamba katika karakana yake sindano hailali nje.

Jambo jingine sharti lisemwe, maana ndilo lililozaa haya yote. Mafundi wengine hupaka uzi nta ili upenye kwenye kitambaa kigumu. Fundi huyu alikuwa amerithi kwa marehemu baba yake desturi ya kupaka shahamu, yaani mafuta magumu ya ng'ombe. Aliiyeyusha ndani ya kopo, akaupitisha uzi wa katani humo, akauning'iniza ukauke. Uzi ukapata rangi ya manjano na kuteleza kama mlenda, ukapita hata kwenye ngozi iliyokunjwa. Sifa zake zilikuwa nyingi, ila ulinukia nyama. Doria alikuwa na mazoea ya kulamba lile kopo, na Fundi alikuwa akimcheka.

Basi alasiri moja Fundi alikuwa akishona kiti cha turubai nzito. Mteja akafika na mkokoteni uliobeba kochi bovu, akapiga kelele za haraka akitaka litazamwe kabla mwenye mkokoteni hajaanza kununa. Fundi akaichomeka sindano kwenye mkono wa kile kiti, uzi wake ukining'inia, akatoka. Alidhani ni kwa dakika moja. Kochi lile lilikuwa na mguu uliovunjika, na mteja alikuwa na hadithi ndefu ya jinsi shemeji yake mnene alivyouvunja, hadithi ambayo Fundi aliifurahia sana.

Aliporudi, sindano haikuwepo. Doria alikuwa amesimama kando ya kiti akimeza mate, na pembeni ya mdomo wake ulionekana uzi wa manjano, kipande kifupi tu.

Mkono wa fundi wa makochi una akili yake. Ukiona uzi unaning'inia, huuvuta. Ndivyo ulivyofanya maisha yake yote, na ndivyo ulivyofanya siku ile kabla hata kichwa hakijaulizwa. Fundi akaushika ule uzi, akauvuta. Ukagoma. Mbwa akalia kwa sauti nyembamba. Akauvuta tena kwa nguvu, kama anavyokaza mshono wa mwisho wa godoro, na uzi ukakatika. Kilichobaki kikapotea kooni.

"Doria ana nini?" mama aliuliza kutoka chumba cha ndani.

Hapo ndipo palipokuwa na njia panda. Angesema, "Mama, nimeacha sindano, mbwa ameimeza," pangekuwa na fedheha ya jioni moja, basi. Lakini Fundi aliona mbele yake sura ya mdogo wake siku ile ya kufukuzwa, akaona na watu waliokuwa wamesimama wakitazama. Ulimi ukawa mzito.

"Nimemkanyaga mkia, mama," alijibu. "Si kitu."

Jioni Doria hakula. Alinyoosha shingo, akameza, akanyoosha tena, ute ukimtoka. Fundi akafanya alivyofikiri ni dawa: akachovya mkate kwenye mafuta, akamsukumia kooni kwa kidole ili kile kitu kiteremke na kutoka kwa njia yake. Mbwa alimeza kwa sababu alimwamini. Kesho yake alikuwa akitapika maji ya kijani na kusimama mgongo ukiwa upinde, na mama aliposhika mkanda ili watoke, Doria alijaribu hatua chache akalala chini.

"Mnyama huyu anaumwa," mama alisema, akimpapasa mbavu. "Kala nini?"

"Atakuwa kaokota kitu huko nje," Fundi alijibu. "Pengine sumu."

Neno hilo lilimtoka kirahisi, kwa kuwa lilikuwa linamwondolea mzigo. Hakujua linamtwika nani.

"Sumu!" mama alishtuka. "Nani aweke sumu? Au ni huyu mama wa kuku? Juzi alilalamika kwamba Doria anawatisha vifaranga wake."

Fundi hakumtaja jirani yule. Alinyamaza tu, akajitia kutafuta mkasi. Ila kuna kunyamaza kunakoshinda kipaza sauti, na mama alilisikia jibu katika kimya kile.

Mama hakungoja ruhusa ya mtu. Alimtuma mpita njia stendi akamwite mwanawe mdogo, naye akaja mbio na vumbi la viatu mikononi. Hakumwuliza kaka yake lolote. Alimfunga Doria kwenye shuka, akambeba kifuani kama mtoto, wakaenda kwa daktari wa mifugo, mama akishika pindo la shati la mwanawe mdogo na Fundi akifuata nyuma.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye viatu vya mpira na sauti ya mtu aliyezoea kuwafokea ng'ombe. Chumba chake kilikuwa kidogo, kina meza ya bati na beseni, na kalenda ya zamani iliyoachwa ukutani kwa ajili ya picha ya farasi. Alimfungua Doria mdomo, akatazama chini ya ulimi, akaminya tumbo taratibu. Mbwa akaguna.

"Nisikilizeni vizuri," alisema. "Hapa sina mashine ya kupiga picha za ndani, kwa hiyo macho yangu ni maneno yenu. Mbwa huyu amemeza kitu? Mfupa, soksi, kifungo, kamba, sindano? Wengi huona haya kusema. Wengine wameshamtapisha, wengine wamemlisha mkate, wengine wamevuta. Mimi sina polisi hapa. Kama kuna kitu, nampasua leo hii, na ana nguvu bado za kustahimili. Kama ni sumu, dawa yake ni nyingine kabisa, na nikikosea hapo nampotezea muda wake."

Fundi akasogea mbele ya meza. Maneno yalikuwa yamefika mlangoni mwa kinywa. Na pengine yangetoka, ni nani ajuaye, kama si mdogo wake kuuliza kwa sauti ya chini, bila kejeli yoyote:

"Kaka, sindano zote zipo?"

Ilikuwa kama kutonesha kidonda. Uso wa Fundi ukabadilika. "Unanifananisha na wewe?" alifoka. "Kwangu sindano hazisahauliwi! Mbwa kala sumu. Mama mwenyewe anamjua aliyemtilia."

Mdogo mtu akainama. Daktari akageuka kuchukua chupa zake. Akamnywesha Doria maji ya mkaa wa kufyonza sumu, akamchoma sindano ya kutuliza matapishi, akawaambia wamrudishe mara moja wakiona hali inazidi. Walirudi nyumbani na mbwa aliyetibiwa ugonjwa asiokuwa nao.

Haiwezekani kusema kwamba Fundi alikuwa na moyo wa chuma. Usingizi ulimkimbia. Aliposhona alifumua, akashona tena, na lile kopo la shahamu akalifunika. Asubuhi iliyofuata Doria hakuinua kichwa. Tumbo lake lilikuwa limekaza kama ngoma, na pumzi zake zilikuwa fupi. Fundi akapiga moyo konde. Akavaa viatu, akaenda peke yake mpaka kwenye lango la daktari, akiyapanga maneno njiani: "Daktari, juzi nilikosea." Yalikuwa maneno machache, mepesi hata kwa mtoto.

Langoni alimkuta mteja wake mkubwa, mzee mwenye hoteli, amekaa kwenye benchi na watu wengine wawili, pamoja na mbuzi wake mwenye jicho bovu.

"Ah, Fundi!" mzee alimchangamkia. "Nimewaambia hawa, ukitaka kochi lisilokuchoma makalio, nenda kwa yule bwana. Umefuata nini huku?"

"Napita tu," Fundi alisema.

Na kweli akapita. Alizunguka nyuma ya jengo lile, akasimama kidogo penye jalala, akarudi nyumbani. Huo ndio ukweli wa jambo lenyewe, nao unauma kuuandika: uhai wa mbwa na macho ya mama yake vilipimwa na sifa ya mtu mmoja mbele ya mbuzi, na sifa ikashinda.

Doria alikufa mchana wa siku hiyo, kichwa chake kikiwa juu ya miguu ya mama. Mama hakupiga yowe. Aliendelea kumsugua sikio mpaka sikio likapoa, ndipo akasema, "Sasa mimi nimepofuka."

Uchungu ukishindwa kulia hutafuta wa kumlaumu. Mama aliinuka, akashika ukuta, akaufuata kwa viganja mpaka nje, akasimama penye uzio wa jirani, akamwita mama wa kuku kwa sauti ambayo haijawahi kusikika kinywani mwake. Alimwita muuaji. Alimwambia kwamba mkono ule ulioweka sumu utakauka. Watu wakajaa. Mama wa kuku, mjane aliyekuwa akimletea bibi huyo mayai kila alipougua, alitoka na ungo mkononi akidhani nyumba inaungua.

"Mimi, mama?" aliuliza, machozi yakimlenga. "Mimi nimuue Doria? Nililalamika, ndiyo, nilisema afungwe vifaranga wakue. Lakini sumu! Hata panya simwekei, nina wajukuu wanaotambaa."

"Mwanangu ndiye aliyeona!"

Macho yote yakamgeukia Fundi mlangoni. Akasema, "Mimi sikuona mtu," kwa sauti isiyofika hata kwenye ngazi.

"Basi apasuliwe," mama wa kuku alisema, akautupa ungo chini. "Aitwe daktari aje ampasue hapa hapa, mbele ya watu hawa. Kukiwa na sumu tumboni nihamisheni mtaa. Siwezi kulala na jina hili."

Fundi akakurupuka. Alisema si vizuri kumchezea maiti, azikwe tu, yaishe. Hakuna aliyemsikiliza. Mdogo wake, aliyekuwa amefika kuchimba kaburi, alikwenda kumleta daktari.

Kazi ilifanyika uani, juu ya kipande cha turubai kutoka karakana. Daktari alivaa glavu, akapiga magoti, akakata. Watu waliotaka kuona waliona mara moja, wakarudi nyuma wakiziba pua. Daktari akaupapasa utumbo kwa vidole, pande zote. Kisha akauliza bila kuinua uso, "Hapa nani fundi wa kushona?"

Watu wakampisha Fundi njia.

"Njoo," alimwambia Fundi. "Piga magoti. Utumbo wa mbwa umenyooka kama bomba, unateleza. Huu umefanyaje?"

Fundi akatazama. Ulikuwa umejikusanya marinda madogo madogo, yaliyobanana, meusi penye kingo.

"Ukishona pazia," daktari aliendelea, "kisha ukashika uzi upande mmoja ukaukaza, kitambaa kinafanya nini?"

"Kinajikunja," Fundi alinong'ona.

"Ndivyo. Sindano ilikwama huku kwenye tumbo. Uzi ukateremka utumboni na utumbo ukawa unaupanda, marinda juu ya marinda, mpaka uzi ukamkata kwa ndani kama msumeno. Sindano peke yake pengine ingempitia. Huyu alikuwa na siku mbili za maumivu ambayo sijui kama wewe ungeweza kuyavumilia kwa saa moja." Akaingiza vidole, akatoa sindano ndefu ya kochi, na nyuma yake uzi ukafuata, mrefu, mchafu. "Jana mlipomleta ningempasua. Angerudi nyumbani na kovu."

"Ni nini?" mama aliuliza. "Wamepata nini? Mbona hamsemi?"

Mama akanyoosha mkono. Daktari alisita, kisha akaufuta ule uzi kwa pamba, akamwekea kwenye kiganja. Bibi yule alikuwa amelala kando ya uzi wa namna hiyo miaka yote ya ndoa yake. Aliuviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, akaupeleka puani.

"Shahamu," alisema.

Kuku tu ndio waliosikika upande wa pili wa uzio.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile, mama. Alipolia."

"Ulisema umemkanyaga mkia." Mama akaukunja uzi kiganjani. "Na kule kwa daktari, mwenzio alipokuuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na mimi nikaja hapa kumlaani mtu wa watu, ukanisikia."

Fundi alianguka miguuni pake akilia kwa kwikwi, akisema alitaka kusema, alifika hadi langoni, aibu ilimfunga kinywa. Maneno yote yale aliyoshindwa kuyatoa sasa yalimwagika kama maji ya mtungi uliopasuka, nayo hayakumfaa mtu. Mdogo wake alitazama pembeni. Kama alikuwa na neno la kulipiza, alilimeza, akashika jembe kuchimba kaburi.

Mama alimwomba jirani yake radhi mbele ya watu wote. Mama wa kuku akamkumbatia, wakalia pamoja, wanawake wawili waliogombanishwa na kimya cha mwanamume mmoja. Doria alipokwisha kuzikwa, mama aliomba aletewe kanga zake na fimbo. Fundi akauliza anakwenda wapi.

"Kwa mwanangu wa stendi," alijibu. "Yeye akikosea husema."

Akaweka mkono juu ya bega la mwanawe mdogo, wakaondoka taratibu, kijana akimwambia penye shimo, akimwambia penye jiwe. Mama hakugeuka nyuma, wala hapakuwa na sababu ya kugeuka, kwa kuwa hakuwa na macho ya kuonea. Fundi alibaki uani na turubai lenye damu. Wateja waliendelea kuja, maana mikono yake ilikuwa bado ya dhahabu, lakini jioni alipofunga mlango hakukuwa na wa kumwuliza amekula nini. Naye akajifunza, kwa bei ambayo haishushwi wala hairudishwi, kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua.